Mtoto wa kaka si mtoto: kisa cha kodi ya urithi Pennsylvania

Marehemu alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mwenye umri wa miaka 71. Alifariki Machi 3, 2025 nyumbani kwake katika kaunti ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, nje kidogo ya jiji la Pittsburgh. Aliacha binti mmoja wa kumzaa, kijana wa kaka yake aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mdogo wake wa kike, na rafiki aliyemuuguza miaka minne ya mwisho. Aliacha pia wosia. Wosia huo, ulioandikwa ofisini kwa wakili na kutiwa saini mbele ya mashahidi, ndio uliomtoa binti yake dola 32,850 ambazo sheria yenyewe isingemdai.

Kisa hiki nimekiunda mimi ili hesabu zionekane, kwa hiyo usiwatafute watu hawa. Viwango vya kodi, tarehe za mwisho na kanuni ndivyo vilivyo Pennsylvania kweli.

Binti, mwenye miaka 38 na makazi yake jimbo jirani la Ohio, ndiye aliyetajwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wiki ya kwanza alilala kwa mang'amung'amu kwa sababu ya kitu ambacho hakikumhusu kabisa. Mtu alimwambia msibani kwamba serikali ya Marekani huchukua 40% ya mali ya kila anayekufa. Ni kweli kwamba kiwango cha juu cha kodi ya shirikisho juu ya mali ya marehemu ni 40%. Ila kodi hiyo haianzi na dola ya kwanza. Kwa waliofariki 2025, dola milioni 13.99 za mwanzo haziguswi. Kwa wanaofariki 2026 kiwango hicho ni dola milioni 15, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025. Mali yote ya mama, ukijumlisha hata bima yake ya maisha, ilikuwa dola 628,000. Haikufika hata sehemu moja ya ishirini ya kiwango hicho. Suala la shirikisho likaishia hapo, na wala fomu yake haikuhitaji kujazwa.

Waliomtisha walikuwa wanachanganya kodi mbili ambazo hata Kiswahili chetu hakizitengi vizuri, kwa kuwa zote tunaziita kodi ya mirathi. Moja huhesabiwa juu ya chungu kizima kabla hakijapakuliwa: ni kiasi gani marehemu ameacha kwa jumla? Hiyo nitaiita kodi ya mali ya marehemu, na ndiyo ya serikali ya shirikisho. Nyingine huhesabiwa sahani kwa sahani: nani amepokea, na alikuwa nani kwa marehemu? Hiyo ni kodi ya urithi. Serikali ya shirikisho haina kodi ya aina hii ya pili. Majimbo matano yanayo: Pennsylvania, New Jersey, Maryland, Kentucky na Nebraska. Iowa ilikuwa nayo, ikaifuta kwa vifo vya kuanzia Januari 1, 2025. Maryland peke yake inatoza zote mbili.

Ukubwa wa mali ndio unaoamsha kodi ya kwanza, na ndiyo maana watu wa kipato cha kawaida hawakutani nayo. Kodi ya urithi ya Pennsylvania haina kiwango kikubwa cha kuanzia. Mtu akiacha gari bovu na akaunti yenye dola elfu tatu kwa rafiki yake, kodi imo. Inachotazama ni ujamaa. Mume au mke hulipa 0%. Watoto, wajukuu, wazazi na watoto wa kambo hulipa 4.5%. Ndugu wa baba au mama mmoja hulipa 12%. Karibu watu wengine wote hulipa 15%.

Mtoto wa kaka yumo kwenye hilo kundi la mwisho, pamoja na rafiki, jirani na mpita njia.

Hapa ndipo kisa kilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Kijana huyu alifika mikononi mwa shangazi yake akiwa na miaka sita, baada ya kaka mtu kufariki. Alisomeshwa naye, akaozwa naye. Yeye na binti walikua chini ya paa moja wakiitana kaka na dada, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kueleza zaidi. Kwa desturi zetu hakuna cha kueleza: mtoto wa ndugu yako ni mwanao, na ukiulizwa una watoto wangapi unamhesabu. Kwa sheria ya Pennsylvania, bila hati ya mahakama ya kumfanya mtoto wa kuasili, alikuwa mtu baki. Kinachochekesha, kama cheko lipo, ni kwamba marehemu mume alikuwa na mtoto wa kiume nje ya ndoa hii, ambaye mama alikutana naye mara mbili maishani. Huyo angeachiwa mali angelipa 4.5%, kwa kuwa ni mtoto wa kambo.

Sheria hii haikuanza jana. Pennsylvania ilianza kutoza kodi ya urithi 1826, na mwanzoni ilikuwa juu ya warithi wa pembeni, yaani wasio wa mstari wa moja kwa moja kutoka kwa marehemu. Mstari huo bado unaonekana kwenye viwango vya leo.

Sasa mali yenyewe. Nyumba ilikuwa kwa jina la mama peke yake, thamani dola 240,000 siku ya kifo. Akaunti ya matumizi ilikuwa na dola 40,000, gari dola 8,000. Hizo ndizo zilizopita kwenye wosia. Nje ya wosia kulikuwa na vitu vitatu vikubwa: akaunti ya kustaafu yenye dola 180,000, bima ya maisha ya dola 100,000, na akaunti ya akiba ya dola 60,000 aliyoifungua 2017 pamoja na mdogo wake.

Wosia ulisema rafiki apewe dola 50,000 na mabaki yote yaende kwa binti. Binti aliusoma akadhani ameona picha nzima. Akaunti ya kustaafu hakuiona humo, kwa sababu haimo. Vitu vya namna hiyo havifuati wosia. Vinafuata karatasi ya mnufaika iliyojazwa siku akaunti inafunguliwa, au siku ya mwisho mtu alipokumbuka kuibadilisha. Mama aliijaza 2009 akaandika jina la kijana. Bima aliandika jina la binti. Nadhani hesabu yake kichwani ilikuwa nyepesi na ya haki: huyu achukue kile, yule achukue hiki, nyumba iwe ya binti. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo viwili, akaunti ya kustaafu na bima, vina tabia tofauti kabisa mbele ya kodi.

Bima ya maisha haitozwi kodi ya urithi Pennsylvania. Haijalishi imelipwa kwa nani, awe binti, awe rafiki, awe mpangaji. Akaunti ya kustaafu ya mtu aliyekwisha kupita miaka 59 na nusu, umri ambao anaweza kutoa fedha zake bila adhabu, inatozwa kwa kiwango cha anayeipokea. Kwa hiyo mama alimpa binti, mtu wa 4.5%, kitu ambacho hakina kodi kwa yeyote, na akampa kijana, mtu wa 15%, kitu kinachotozwa. Aligawa kinyume.

Ukifuata fungu kwa fungu, kodi ilikuja hivi. Kijana: 15% ya dola 180,000, sawa na dola 27,000. Rafiki: 15% ya dola 50,000 za wosia, dola 7,500. Mdogo mtu: akaunti ya pamoja iliyofunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kifo huhesabiwa nusu tu wakiwa wenye akaunti ni wawili, hata kama aliyeweka fedha zote ni marehemu, hivyo 12% ya dola 30,000, sawa na dola 3,600. Binti: kutoka dola 288,000 za nyumba, akaunti na gari, yaliondolewa mazishi dola 9,000, madeni dola 3,000, na gharama za wakili, mahakama na mauzo ya nyumba dola 20,000. Vyote hivyo vinakatwa kihalali kabla ya kodi. Ukitoa na dola 50,000 za rafiki, mabaki ni dola 206,000; 4.5% yake ni dola 9,270.

Liko la tano ambalo lilimshangaza hata rafiki mwenyewe. Agosti 2024 mama alimpa rafiki yule zawadi ya dola 18,000. Alichagua kiasi hicho kwa makusudi, maana alisikia kwamba 2024 mtu anaweza kumpa yeyote dola 18,000 bila kutoa taarifa ya zawadi kwa serikali ya shirikisho. Alisikia sawasawa. Ila Pennsylvania ina kanuni yake: zawadi iliyotolewa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kifo inarudishwa kwenye hesabu, isipokuwa dola 3,000 za kwanza kwa kila aliyepewa kwa mwaka. Mama aliishi miezi saba tu baada ya zawadi ile. Dola 15,000 zikarudi mezani, kwa 15%, dola 2,250. Angeitoa Januari ya mwaka ule ule, isingerudi.

Jumla ya kodi zote: dola 49,620.

Nani alilipa? Swali hili ndilo ambalo katika mipango mingi ya mirathi huwa halikuulizwa, nami nadhani ni kubwa kuliko swali la kiwango. Sheria ya Pennsylvania ina jibu lake kwa mtu aliyekaa kimya. Kodi ya kitu maalumu kilichotolewa ndani ya wosia, kama zile dola 50,000 za rafiki, hutoka kwenye mabaki. Kodi ya vitu vilivyopita nje ya wosia hulipwa na aliyevipokea. Kwa hiyo mama angenyamaza, binti angebeba kodi yake ya dola 9,270 na ile 7,500 ya wosia wa rafiki, jumla dola 16,770. Kijana angelipa 27,000 zake, mdogo mtu 3,600 zake, rafiki 2,250 za zawadi.

Mama hakunyamaza. Ukurasa wa tatu wa wosia ulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba kodi zote zitakazotokana na kifo chake, ziwe za mali inayopita kwa wosia huu au nje yake, zilipwe kutoka kwenye mabaki ya mirathi. Sentensi kama hiyo ni ya kawaida mno. Imo kwenye vielelezo vingi vya wosia, na watu huisaini bila kuuliza kwa kuwa inasomeka kama neno la adabu, kama vile mama anasema: msigombane, kodi ilipwe na mali yangu. Lakini mabaki ya mirathi yana mwenyewe, na mwenyewe ni binti. Dola 49,620 zote zikatoka kwake. Akabaki na dola 156,380 badala ya 189,230. Tofauti ndiyo zile dola 32,850 nilizotaja mwanzoni. Kijana akapokea dola 180,000 kamili, mdogo mtu 60,000 kamili.

Sitaki kusema sentensi hiyo ni mbaya kila inapotumika. Yuko mzazi atakayesema: ndiyo, nataka kijana apate fedha yake nzima, dada yake amsaidie kulipa, kwani yeye amepata bima. Huo ni uamuzi halali kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba katika kisa hiki hakukuwa na uamuzi wowote. Wosia uliandikwa 2016, karatasi ya akaunti ya kustaafu 2009, akaunti ya pamoja 2017, na hakuna siku moja ambayo karatasi hizo tatu zililala juu ya meza moja.

Kulikuwa na hasara nyingine ndogo ambayo ingeepukika hata baada ya kifo. Kodi ya urithi Pennsylvania hudaiwa miezi tisa tangu kifo, hapa ilikuwa Desemba 3, 2025, na baada ya hapo riba huanza. Lakini anayelipa ndani ya miezi mitatu hupewa punguzo la 5%. Si lazima hesabu iwe imekamilika. Unaweza kulipa makadirio. Kufikia Juni 3 binti angeweza kuokoa kama dola 2,480 kwa kodi yote. Aliliona tangazo la punguzo, akaguna, akasema fedha itoke wapi na nyumba haijauzwa. Akaunti ya matumizi, baada ya mazishi na madeni, ilibaki na dola 28,000; hata hizo peke yake zingemletea punguzo la dola 1,400 na ushei. Tena alikuwa na dola 100,000 za bima mkononi mwake tangu Aprili, fedha yake halali, isiyo na kodi ya urithi wala kodi ya mapato. Alikuwa ameziweka pembeni hazigusi, akiamini 40% yake itakuja kuchukuliwa. Angeikopesha mirathi, akajirudishia nyumba ilipouzwa Oktoba. Yale maneno ya msibani yalikuwa na gharama.

Turudi nyuma, mama akiwa hai, tuseme 2022, afya si haba. Angefanya nini?

La kwanza ambalo wengi hukimbilia ni kumwandikia binti nyumba mapema ili isiingie kwenye mirathi. Nimesikia ushauri huu mara nyingi kiasi kwamba nataka tuupige hesabu. Nyumba ikirithiwa, 4.5% ya dola 240,000 ni dola 10,800. Ikitolewa hai, na mtoaji akaishi zaidi ya mwaka mmoja, na kusiwe na makubaliano ya yeye kuendelea kuishi humo, kodi hiyo inakwisha. Tazama upande wa pili. Mama aliinunua nyumba 1996, akiwa mjane tayari, kwa dola 85,000. Anayepewa nyumba na mtu aliye hai hurithi pia bei yake ya ununuzi. Binti akiiuza kwa dola 240,000 serikali inaona faida ya dola 155,000. Kwa mtu aliye kwenye ngazi ya 15% ya kodi ya shirikisho juu ya faida ya mtaji, hiyo ni dola 23,250, na Pennsylvania inaongeza 3.07% yake, kama dola 4,760. Anayerithi baada ya kifo huhesabiwa kana kwamba aliinunua kwa thamani ya siku ya kifo, dola 240,000. Akiuza kwa bei hiyo hana faida ya kutozwa. Kwa hiyo ujanja wa kukwepa dola 10,800 ungemletea binti bili ya dola 28,000. Bado sijataja kwamba mama angekuwa anaishi kwenye nyumba isiyo yake, ambayo wadai wa binti wangeweza kuifuata. Nyumba ilikuwa mahali pake sahihi. Iachwe.

Kilichostahili kuguswa ni akaunti ya kustaafu na bima. Tuseme nia ya mama ni ile ile, kijana apate dola 180,000 na binti 100,000 kutoka kwenye vitu hivi viwili. Angemwandika kijana kwenye bima yote, na akaunti ya kustaafu akaigawa: kijana 80,000, binti 100,000. Kila mmoja ana kiasi kile kile. Kodi ya urithi sasa ni 15% ya 80,000, yaani dola 12,000, na 4.5% ya 100,000, yaani dola 4,500. Jumla dola 16,500 badala ya 27,000. Dola 10,500 zimeokolewa kwa kalamu na karatasi mbili.

Ila kuna mtego hapa, na mshauri asiyeutaja si mshauri. Fedha ya akaunti ya kustaafu ikitolewa hutozwa kodi ya mapato ya shirikisho, fedha ya bima haitozwi. Kwa mabadilishano haya binti amepewa fedha yenye kodi ya mapato ndani yake badala ya fedha safi. Mtoto mkubwa anayerithi akaunti ya namna hii lazima aimalize ndani ya miaka kumi, tangu sheria ilipobadilika kwa vifo vya kuanzia 2020. Kama mshahara wa binti ni mkubwa na wa kijana ni mdogo, kodi ya mapato inaweza kumeza akiba yote ya kodi ya urithi na zaidi. Kodi ya urithi inauliza wewe ni nani kwa marehemu, kodi ya mapato inauliza unapata kiasi gani, na majibu ya maswali hayo mawili hayana sababu ya kuelekea upande mmoja. Ningewakalisha binti na kijana, niwaulize mapato yao, ndipo niandike jina.

Kisha iko njia ambayo kwa familia hii ingekuwa fupi kuliko zote: kumwasili kijana. Pennsylvania inaruhusu kuasili hata mtu mzima. Mtoto wa kuasili ni mtoto, kiwango chake ni 4.5%, na dola 27,000 zingekuwa 8,100. Hati moja ya mahakama, dola 18,900. Najua itakavyosikika. Kwenda mbele ya hakimu kuomba awe mwanao mtu ambaye amekuwa mwanao miaka zaidi ya ishirini ni jambo la kuudhi kidogo, na kisheria kwa kawaida linakata uhusiano wake wa urithi na ukoo wa wazazi waliomzaa, kwa hiyo si la kufanywa kwa sababu ya kodi tu. Kwa mtoto aliyekuja nyumbani akiwa na miaka sita, lilipaswa kufanywa zamani kwa sababu nyingine kabisa, za shule na hospitali na pasipoti.

Kwa rafiki njia zilikuwa chache. Angeweza kuandikwa kwenye sehemu ya bima. Au zawadi zingetolewa mapema na kila mwaka, bila kungoja mwaka wa mwisho ambao hakuna aujuaye. Au, kwa kuwa alikuwa anamuuguza kweli, angelipwa ujira kwa maandishi wakati kazi inafanyika; ujira si urithi, ingawa mwenye kulipwa atautolea kodi ya mapato. Akaunti ya pamoja na mdogo mtu ilikuwa imekaa vizuri kikodi, nusu tu ilitozwa, japo kwa mtu mwenye ndugu wenye madeni nisingeishauri. Tena akaunti hizo huzaa ugomvi. Binti aliwahi kuuliza kama shangazi, maana ndivyo alivyomwita mdogo wa mama yake kwa mazoea ya nyumba ile, aliwekwa humo ili tu awe anamtolea mama fedha za dawa. Sheria ya jimbo huanza kwa kudhani aliyebaki hai ndiye mwenye fedha, na anayesema vinginevyo alete ushahidi mzito. Hakuwa nao. Akaliacha.

Wapo watakaouliza: si angehama tu? Ohio, ambako binti anaishi, ni karibu saa moja kwa gari kutoka Pittsburgh, na Ohio haina kodi ya urithi. Hata ile ya mali ya marehemu iliifuta kwa vifo vya kuanzia 2013. Mama angehamia kwa binti yake kweli kweli, makazi yakawa ya Ohio, akaunti ya kustaafu isingetozwa chochote na jimbo. Nyumba ya Pennsylvania ingeendelea kudaiwa na Pennsylvania, kwa kuwa ardhi haihami. Kwa binti kukaa Ohio hakukumsaidia lolote. Kodi hii hutazama makazi ya aliyekufa na mahali ardhi ilipo. Angekuwa Maryland, mdogo mtu asingelipa kitu, kwani ndugu wamesamehewa, na kijana angelipa 10%. New Jersey ingemsamehe binti kabisa lakini kijana ingemtoza 15% ile ile. Kila jimbo na ukoo wake.

Na ile sentensi ya ukurasa wa tatu? Ningeipasua vipande viwili. Kodi ya dola 50,000 za rafiki ibaki kwenye mabaki, kama mama anataka azipate zote. Kodi ya kila kitu kinachopita nje ya wosia ilipwe na anayekipokea, isipokuwa pale mama atakapoandika kwa jina kwamba fulani asilipe. Hapo akimlipia kijana, amemlipia kwa kujua.

Kijana alipoambiwa, Novemba, kwamba dada yake ndiye aliyelipa dola 27,000 zake, alinyamaza simu ikadhaniwa imekatika. Hakuwa anajua. Alitaka kumrudishia zote siku ile ile. Binti akamwambia asitoe fedha kwenye akaunti kwa pupa, kwa kuwa kila dola atakayotoa mwaka huu inaingia kwenye mapato yake ya mwaka huu. Wakakubaliana arudishe nusu, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu. Wakili akawakumbusha waandike.

Fomu ya jimbo, REV-1500, ina jedwali la wanufaika, na safu yake moja huuliza uhusiano na marehemu. Binti ndiye aliyekuwa anajaza. Kwake mwenyewe aliandika binti, kwa shangazi akaandika ndugu, kwa rafiki akaandika hakuna. Kwenye mstari wa kijana aliandika mwana, akaitazama, akaifuta, akaandika mtoto wa kaka.